Ukuta wa Nyuma ya Jikoni

Fundi wangu alikuwa na namna yake ya kujua kama ukuta unatembea. Alikuwa anakoroga plasta laini kwenye kopo, anaipaka juu ya ufa, kibandiko cha upana wa vidole vitatu, kisha anaandika juu yake siku ya leo kwa kalamu ya risasi. Plasta ikibaki nzima, ukuta umetulia. Ikipasuka, ukuta bado unaenda. Kibandiko cha kwanza alikiweka Jumatatu. Alhamisi nilikikuta kimepasuka katikati, mstari mwembamba kama unywele.

"Mama," aliniambia, "hii ukuta iko natembea. Polepole, lakini iko natembea."

Nyumba tulikuwa tumeinunua mwezi wa tano, baridi ilipokuwa inaanza. Iko katikati ya mji, kwenye komini, yaani wilaya, ya Lubumbashi, mahali ambapo barabara mbili zinakutana, kwa hiyo mtu anaweza kuiona kwa mbele na kwa ubavu. Wazungu waliijenga zamani kwa matofali ya kuchoma, na kuta zake ni nene hivi kwamba ukikaa dirishani ndani ya ukuta, magoti yako hayatokezi nje. Mbele ina baraza yenye nguzo nne. Sakafu ni ya saruji nyekundu, ile ya kupaka nta na kusugua kwa brashi mpaka ing'ae. Lakini mabati yake, manjanja kama tunavyosema kwetu, yalikuwa yameoza kwa kutu, mbao za dari zimeliwa na mchwa, na waliotutangulia walikuwa wamepaka kila kitu rangi ya bluu ya mafuta, hata vioo viwili vya jikoni.

Mume wangu ni fundi umeme kwenye mgodi mmoja upande wa Kinsevere. Anakaa huko wiki mbili, anarudi nyumbani wiki moja. Mimi nafundisha kemia sekondari. Tulikuwa bado tunalala kwenye nyumba ya kupanga, na wiki mbili katika kila tatu kazi ya nyumba hii ilikuwa yangu peke yangu, na wasiwasi wake ulikuwa wangu peke yangu pia.

Watu walituuliza kwa nini tusitafute kiwanja kipya nje ya mji, tujenge nyumba yetu, mpya, isiyo na ugonjwa. Nilikulia mtaa wa Kamalondo katika vyumba viwili ambamo jirani akikohoa sisi ndio tunaamka. Baba yangu, mshonaji kutoka familia ya Maniema, alishonea mapazia nyumba za mjini, na mara moja moja alinichukua nimshikie pini. Hapo ndipo nilipoonja ubaridi wa nyumba hizo, na kimya chake. Nilikuwa na miaka saba au minane. Tangu siku hizo nilitamani ukuta mnene na mlango mzito, mlango ambao ukiufunga unabaki umefungwa.

Na baada ya kuipata, kitu kingine kikanishika. Jumamosi ya kwanza niling'oa kitasa cha dirisha kilichofunikwa na rangi, nikakichemsha, nikakisugua kwa limau na chumvi. Shaba ikatoka, nyekundu na safi. Najua vizuri nini kinatokea pale, asidi inakula kutu, nawafundisha watoto kila mwaka, lakini nilisimama na kitasa kile mkononi kama mtu aliyefanyiwa muujiza. Sisi watu wa Katanga shaba tunaiona kila siku ikipita kwenye malori, inakwenda kwa watu wengine. Hii ilikuwa imebaki. Nikang'oa cha pili, na cha tatu. Binti zangu wawili walinicheka kwamba mama sasa anaota vitasa.

Halafu ukatokea ule ufa.

Ulikuwa kwenye ukuta wa nyuma ya jikoni, kona ya upande wa barabara ndogo. Mwezi wa saba usingeweza kupitisha kucha. Mwezi wa nane fundi aliingiza ncha ya kisu. Yeye ni mzee aliyejifunza kazi Kambove, akitengeneza nyumba za zamani za wafanyakazi wa migodi, na hana haraka ya kusema. Alichimba kwa nje mpaka kwenye msingi, akapiga magoti, akatazama, akaupapasa kwa mkono.

"Msingi iko muzuri," alisema. "Nyumba ya hivi haianguke bure. Kuko kintu inaivuta."

"Kitu gani?"

"Sijue, mama. Njo ile natafuta." Njo, kwetu, ni ndiyo.

Kando ya jikoni, ukitokea kwenye kona hiyo hiyo, kulikuwa na chumba kidogo cha kuwekea vitu, depo, ambacho mmoja wa wenye nyumba wa katikati alikiongeza. Hicho peke yake ndicho kilikuwa na paa zima. Tulipanga humo mifuko ya saruji isije ikalowa, tukaipandisha hadi karibu na dari, na juu yake mbao. Nafasi iliyobaki mbele ya mlango binti zangu waliitumia kurukia kamba, kwa sababu sakafu yake ilikuwa laini. Ilitoa mlio wakiruka. Niliusikia mlio ule kila Jumamosi.

Ilikuwa katika siku hizo nilipomwona yule bwana mara ya kwanza. Alisimama ng'ambo ya barabara, chini ya jakaranda, koti la kijivu, bahasha kubwa ya rangi ya udongo kwapani. Mtu wa miaka hamsini hivi. Alitazama nyumba, mbele, kisha akaenda ubavuni akatazama nyuma. Hakupiga hodi. Baada ya muda akaenda zake.

Wiki iliyofuata alirudi. Na nyingine.

"Ule muntu alikuya tena," fundi aliniambia nilipotoka shuleni. "Alisimama sana pale kwa ubavu. Anaangalia tu."

Mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa maana ya mgeni mwenye bahasha anayetazama nyumba yako. Kila ukoo una hadithi ya nyumba iliyouzwa mara mbili, au ya mrithi aliyetokea wakati rangi haijakauka. Niliitoa hati yetu kabatini nikaisoma, nikairudisha, nikaitoa tena. Siku moja niliomba ruhusa shuleni nikaenda ofisi ya ardhi kuuliza kama jalada letu liko sawa. Karani alilifungua, akahesabu karatasi, akasema kila kitu kipo. Nikamwomba aniruhusu kuona majina ya waliotangulia. Alileta kitabu cha wamiliki, akakigeuza kuelekea kwangu. Jina la tatu kutoka juu lilikuwa jina la Kasai, na karibu nalo neno imeuzwa, na mwaka.

Mwaka huo naukumbuka. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Ni wakati ule watu wa Kasai walipofukuzwa huku kwetu, watu waliozaliwa hapa na baba zao wamezaliwa hapa, wakalala na masanduku yao kwenye stesheni wakingoja treni ya kuwapeleka kwenye mji ambao wengine wao hawajawahi kuuona. Dawatini kwangu tulikuwa wawili. Asubuhi moja nikawa peke yangu, na mwalimu hakusoma jina la mwenzangu wakati wa kuita. Baba alitukataza kwenda upande wa stesheni. Hatukuchukua kitu cha mtu. Lakini tuliona milango ya watu ikifunguliwa na watu wengine, na hatukusema neno.

Kumbe nyumba niliyokuwa naing'arishia vitasa ilikuwa ya mmoja wao.

Nilimpigia simu mume wangu, nikamweleza juu ya bwana wa bahasha na juu ya jina kitabuni.

"Usimuongeleshe," alisema. "Unasikia? Ukimuongelesha, atasema ulikubali kama iko na haki. Akipiga hodi, sema mwenye nyumba haiko."

"Na kama iko na haki?"

Nyuma yake nilisikia mashine za mgodi.

"Tuko na hati," alisema.

Tangu siku hiyo nilifunga geti kwa mnyororo hata mchana. Nikisikia hatua za mtu nje, naacha kusugua. Niliwaambia watoto wasijibu mtu yeyote. Yule bwana aliendelea kuja, mara moja kwa wiki, na mara mbili nilimwona kupitia tundu la geti amenyanyua mkono kama anayetaka kubisha, kisha akaushusha.

Mwezi wa tisa tuliezua paa. Ilibidi, mbao zilikuwa unga. Nyumba ikabaki wazi kama sanduku lisilo na kifuniko, na mimi nikaanza kuishi kwa kutazama mbingu. Mbao mpya zilichelewa. Joto la mwezi wa kumi likaja, vumbi jekundu likajaa kwenye vyumba, na upande wa kusini mawingu yakaanza kujikusanya kila alasiri na kutawanyika. Vibandiko vya plasta sasa vilikuwa kumi na viwili, vimepangwa juu ya ufa kimoja juu ya kingine, vyote vimepasuka. Cha mwisho kilidumu siku moja.

"Mama, uamue," fundi alisema. "Siwezi kupandisha paa nzito juu ya ukuta inatembea. Ao tubomoe kona yote, tujenge upya, na mvua itatukuta ndani. Ao tungojee mwaka kesho."

Nilimwambia nitamjibu baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimekaa barazani, sahani ya bukari, ugali wetu, mbele yangu imepoa bila kuguswa, geti lilipogongwa. Nilijua ni yeye kabla sijainuka.

Nilifungua kidogo, mnyororo ukiwa bado umeshika.

"Bonjour, mama," alisema. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka. "Mwenye nyumba iko?"

"Haiko," nikasema. "Alitoka."

"Atarudia saa ngapi?"

"Sijue."

Alitazama chini, akaihamisha bahasha kwenye kwapa la pili. Nikangoja aifungue.

"Basi mumwambie hivi, mama. Naomba sana. Asiweke bintu bizito mu ile kachumba ya nyuma, karibu na jikoni. Niliona kwa ubavu bale bafundi banaingiza saruji mule. Chini yake kuko kisima."

Sikuelewa mara moja. Ilikuwa kama mtu amenizungumzia juu ya nyumba nyingine.

"Kisima gani?"

"Baba yangu njo aliichimba. Wakati ule maji ya robine, ya bomba, ilikuwa inakatika. Miye na bakubwa bangu tulikuwa natosha udongo inje na ndoo. Bale balikuya nyuma yetu balijengea kachumba juu yake, kwa sababu zamani pale ilikuwa inje, mu kiwanja. Nilikuwa nataka kusema kitambo, lakini geti inafungwaka tu."

Nilitoa mnyororo. Ukaanguka chini.

"Miye njo mwenye nyumba," nikasema.

"Nilizani vile," alijibu.

Fundi hakuingia depo haraka. Alisimama mlangoni, akainama, akagonga sakafu kwa mpini wa nyundo. Karibu na mlango ilijibu kwa mlio mzito. Alinyoosha mkono, akagonga mbele zaidi, na mlio ukawa mwingine, kama wa ngoma. Tuliutambua sote. Mimi nilikuwa nimeusikia kila Jumamosi.

Walilaza mbao ndefu kutoka ukuta hadi ukuta, wakatembea juu yake mmoja mmoja, wakitoa mifuko. Yule bwana alivua koti, akalitundika kwenye kitasa cha jikoni pamoja na bahasha, akasimama kwenye mstari akipokea saruji kama wengine. Ilipokwisha, fundi alivunja tundu la upana wa sufuria. Saruji haikuwa hata na unene wa kidole. Chini yake kulikuwa na mataruma ya reli, magogo ya mbao, yamelazwa kama kifuniko, na mchwa walikuwa wameyala mpaka yakabaki maganda. Fundi alisukuma moja kwa kidole, likamomonyoka. Akachukua kipande cha tofali, akakiachia.

Tulisikiliza. Nilidhani kimekwama mahali. Halafu, mbali sana chini, maji yakalia.

Nilitoka nje, nikakaa kwenye lundo la mchanga. Binti zangu walikuwa shuleni. Nilijiambia hivyo mara nyingi, wako shuleni, wako shuleni, mpaka fundi akaja akaninawisha uso kwa maji ya kopo lake la plasta.

"Kando ya kisima ilikuwa inaanguka ndani kidogo kidogo," alieleza. "Njo inavuta kona. Sasa tunajua, mama. Haitatusumbua."

Yule bwana alinawa, akavaa koti, akataka kuaga. Nilimwomba akae, nikamtengenezea chai. Tulikaa barazani, kila mmoja akitazama kikombe chake. Nikaona afadhali niulize tu.

"Papa, ulikuya ju ya kuomba nyumba?"

Alishangaa kweli. "Hapana. Baba aliiuzisha. Alisaini pale kwa meza ya jikoni, nilikuwa karibu yake. Siku tatu nyuma yake tulienda ku stesheni."

"Na ile bahasha?"

Aliifungua. Ndani mlikuwa na picha za eksirei za magoti. Mama yake alikuwa mzee sasa, alisema. Alimrudisha Lubumbashi mwaka uliopita kwa sababu miguu yake ilihitaji daktari, na hospitali iko barabara mbili kutoka kwetu. Kila wiki akitoka kuchukua majibu au dawa, anapitia hapa.

"Nikifika nyumbani, ananiuliza. Bamefika wapi? Balitosha manjanja ya zamani? Ile mulango ya mbele iko? Njo maana nasimama. Nikisema sikuangalia muzuri, anakasirika."

Nilicheka, kisha nikaona siwezi kuendelea kucheka. Alisema baba yake aliuza, na kitabu cha ofisi kilisema hivyo. Lakini mtu anayesaini huku jirani zake wamesimama barabarani wakingoja atoke, sijui tuite hiyo kuuza. Sikumuuliza.

Usiku wa kuamkia Ijumaa mume wangu alirudi. Nilimwonyesha tundu. Alilitazama muda mrefu akiwa ameshika fremu ya mlango, kisha akasema ni lazima tumwombe yule bwana asaini karatasi ndogo, kwamba familia yao haina madai. Ni jambo la busara. Nilisema nitamwomba. Sijamwomba hadi leo, na mume wangu ameacha kuuliza.

Kisima kilijazwa kwa mawe, kisha udongo mwekundu ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka, na juu yake fundi alimwaga mkanda wa zege wenye vyuma kutoka kona hadi kona. Ilichukua wiki mbili. Mbao zikafika. Mvua ya kwanza ilitukuta na mabati yakiwa yamefunika vyumba vyote isipokuwa sebule, tukakusanya maji kwa masufuria na ndoo na beseni la kufulia, na sakafu nyekundu ikang'aa kwa matope. Fundi alikuwa juu ya paa, amelowa, akipigilia misumari na kutukana mawingu kwa Kibemba. Kibandiko cha kumi na tatu kilikuwa bado kizima wakati wa Krismasi.

Tulihamia mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu yule bwana aliniuliza, kwa namna ya mtu anayeomba kitu kikubwa, kama anaweza kumleta mama yake. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Kisha sikulala vizuri wiki nzima. Nilisugua vitasa upya. Nilitoa mapazia, nikayarudisha. Niliogopa atalia. Niliogopa zaidi kwamba atatukalia kimya kwenye kiti chetu, na mimi sitajua nisimame wapi.

Walikuja Jumapili, baada ya misa yao, katika teksi. Nilikuwa nimetandika meza barazani. Yule bwana alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akasema kitu kwa Kiluba. Mama hakushuka. Alibaki ameketi, kitambaa cheupe kichwani, mikono juu ya fimbo, akitazama. Nikatoka getini na kuinama kwenye dirisha la gari.

"Karibu, mama. Karibu ndani."

Alinishika mkono. Wake ulikuwa mkavu na wenye nguvu.

"Baraza mulipaka kijani," alisema.

"Ndiyo, mama. Chini ya bluu tulikuta kijani. Tulizani njo ile ya kwanza."

"Si ile kijani," akasema. "Ile ilikuwa na giza."

Aliitazama nyumba tena, nguzo moja baada ya nyingine, bila kuniachia.

"Munakaa bangapi?"

"Bane, mama."

"Bane." Alilirudia neno hilo kama haliamini. "Shiye tulikuwa kumi na moja."

Kisha akamgusa dereva begani kwa fimbo, akamwambia mwanawe apande, jua ni kali. Gari likaondoka. Mume wangu alikuwa amesimama barazani na birika mkononi, na binti zangu, waliokuwa wamevaa nguo zao nzuri, wakaniuliza kama bibi amekasirika. Niliwaambia sijui.

Jumatano yule bwana alipita. Hakusimama ng'ambo, siku hizi anapiga hodi. Alisema mama yake amesema atarudi likizo ya Pasaka, na safari hiyo atashuka, anataka kuona jikoni. Na kwamba nisipike sana, anakula kidogo.

Zimebaki wiki mbili. Kuna ngazi tatu kutoka getini hadi barazani, na magoti yake ni mabaya, kwa hiyo nimemwita fundi atutengenezee mshiko wa chuma wa kumsaidia kupanda. Ameupima jana. Nilimwambia aufanye imara sana. Ameniambia nisiwe na wasiwasi, na mimi nimemwambia sawa.